Sampuli Mbili za Benhar

Kila asubuhi, kabla jua halijawa kali, Jubaira aliketi kwenye sakafu ya mbao mbele ya mlango wake akafunga mwani. Alichukua kipande kibichi, akakifunga kwenye kamba ndefu kwa kikamba cha plastiki, akaacha shubiri moja, akafunga kingine. Kazi ya mwanawe Benhar, mwenye miaka minne, ilikuwa kumpa vikamba. Benhar hakujua kukaa. Alimpa mama yake kikamba kimoja, akakimbia mpaka mwisho wa daraja la mbao, akagusa nguzo, akarudi mbio kuleta kingine.

"Miguu hii umeitoa wapi?" Jubaira alimuuliza. "Baba yako ni kobe."

"Ni yangu mwenyewe," Benhar alijibu, akakimbia tena.

Nyumba zote za kijiji cha Tong Bakkaw zimesimama juu ya maji. Ukitaka kwenda kwa jirani, unapita juu ya mbao. Ukitaka kwenda haja, unaingia kibanda kidogo chenye tundu, na kila kinachoanguka huchukuliwa na bahari. Watoto huogelea chini ya nyumba mchana kutwa. Hivyo ndivyo walivyoishi mababu, na hakuna aliyewahi kuona ubaya wake. Maji yakipwa huondoka na uchafu. Yakijaa huja mapya. Bahari husafisha kila kitu. Watu wote wa Tong Bakkaw waliamini hivyo.

Kwanza ilikuja homa. Benhar alilala siku tatu, mwili ukiwaka, shingo na mgongo vikimuuma. Jubaira alimkanda kwa maji na kumnywesha uji wa muhogo. Siku ya nne, Jumatatu, homa ilishuka. Mtoto aliomba chakula, na mama yake akashukuru.

Baada ya kula, Benhar aliinuka ili aende mlangoni. Mguu wa kushoto haukumchukua. Ulikunjika kama utepe wa mwani, naye akaanguka kifudifudi kwenye mbao. Alicheka, akidhani ni mchezo. Akainuka tena, akaanguka tena. Mara ya tatu hakucheka.

Jubaira alimketisha mapajani akaushika ule mguu. Ulikuwa na joto, na mtoto alilia ulipoguswa. Lakini haukuwa na nguvu hata kidogo. Aliuinua na kuuachia. Ukaanguka.

Mumewe, Musin, alirudi jioni kutoka kwenye kamba za mwani. Aliambiwa, akautazama mguu. Aliyesema ni mama yake, Bibi Saliya, ambaye aliishi nao.

"Ni busung," alisema.

Busung ni laana. Humpata mtu aliyewavunjia heshima wazee wake au wahenga wake. Bibi Saliya alilijua kosa lenyewe. Mwezi uliopita mchele mpya ulipofika, kila nyumba ilipika na kuwatengea wahenga kwanza. Nyumba ya Musin ilikuwa imefungwa. Wao walikuwa mbali mwambani, kwenye kibanda chao cha shamba la baharini, wakiokoa mbegu za mwani zisioze. Waliporudi walikula mchele bila kumtengea mtu.

"Nilikwambia tusiende siku zile," Bibi Saliya alimwambia mkwewe. "Ukasema mwani utaoza. Sasa umeoza mguu."

Maneno yale yalimchoma Jubaira, lakini ndani yake yalikuwa na kitu kimoja kizuri. Laana ina dawa. Mtu aliyewakosea wahenga huomba radhi, hutoa alichopaswa kutoa, na kilichochukuliwa hurudishwa. Basi akapika wali wa manjano kwa mchele ulio bora kabisa. Mganga akaitwa, akafukiza ubani, akazungumza na wahenga kwa sauti ya chini, akaufunga mguu kitambaa cheupe. Alisema wangoje siku saba.

Wakangoja. Kila asubuhi Jubaira alikifungua kitambaa, na kila asubuhi mguu ulikuwa vilevile.

* * *

Siku ya nane alikuja Darwisa. Alikuwa binti wa baba mdogo wa Musin, kwa hiyo ni wifi yake Jubaira. Pia alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji. Alipita nyumba hadi nyumba na mkoba wake wa bluu, akiwapima watoto uzito na kuuliza kina mama mambo ambayo hawakupenda kuulizwa.

"Siku nyingi sisikii kishindo juu ya daraja," alisema akivua viatu. "Yule farasi wenu yuko wapi?"

Kisha akamwona amelala kwenye mkeka, akaacha utani.

Aliuliza mguu ulilegea siku gani. Aliuliza kama kulikuwa na homa, na kama mtoto alianguka au alichomwa sindano. Aliukunja mguu na kuunyoosha. Alimkuna wayo kwa ukucha. Benhar alisema anasikia mkuno, lakini mguu haukushtuka. Darwisa akauliza ni lini Benhar alipata matone ya chanjo mdomoni.

Jubaira alifikiri. Alipata mara moja, alipokuwa mchanga. Mara ya mwisho watu wa chanjo walipopita Tong Bakkaw, nyumba ilikuwa imefungwa.

"Mlikuwa wapi?"

"Mwambani. Mbegu zilikuwa zinaoza."

Walitazamana. Darwisa alishusha macho kwanza. Akasema kwamba hawezi kuujua ugonjwa kwa macho, wala daktari hawezi. Maradhi yanayolegeza miguu ya watoto ni mengi. Ili kujua, anahitaji kinyesi cha Benhar, si mara moja bali mara mbili. Kinyesi cha leo na cha kesho, kila kimoja ukubwa wa kidole gumba cha mtu mzima.

Bibi Saliya alikuwa pembeni akikuna muhogo. Aliweka chini kibao chake cha kukunia.

"Nimeishi miaka sabini," alisema. "Nimeombwa mchele, nimeombwa chumvi, nimeombwa hata mume. Sijawahi kuombwa mavi."

"Leo umeombwa, bibi."

"Na utayapeleka wapi? Kwa mfalme?"

"Manila. Maabara."

"Kwa ndege?"

"Kwa ndege."

Bibi Saliya alimgeukia Jubaira. "Umesikia? Mimi sijapanda ndege. Mavi ya mjukuu wangu yatapanda."

Hata Jubaira alitabasamu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Jumatatu ile. Darwisa naye alicheka, kisha akaketi vizuri akawaeleza.

Alisema kwamba tumboni mwa kila mtu mna viumbe hai wadogo mno, wasioonekana kwa macho, wanaoitwa bakteria. Ni wengi kuliko watu wa dunia nzima. Wengi wao ni wema. Wanasaidia kusaga chakula na kulinda utumbo. Hao ndio wenyeji. Lakini wakati mwingine huingia mgeni, naye anaitwa kirusi. Kirusi ni mdogo kuliko bakteria, mdogo sana. Hawezi kuzaliana peke yake. Huingia ndani ya mwili wa mtu na kuutumia kujizalisha.

"Kuna kirusi kimoja kinaitwa polio," alisema. "Huingia mdomoni, kwa maji au kwa mkono mchafu. Hukaa utumboni na kuzaliana humo. Watoto wengi hakiwafanyi kitu, au wanapata homa tu. Lakini kwa mtoto mmoja mmoja hutoka utumboni kikaingia kwenye mishipa inayoamrisha miguu. Kikifika huko, mguu haupokei amri tena."

Akasema kwamba kinyesi hutoka na habari zote za utumboni. Wenyeji wamo, na mgeni kama yupo yumo. Kule maabara huwaua bakteria kwa dawa ili wasivuruge kazi, kisha humtafuta kirusi. Ila kirusi hatoki kila siku kwa wingi uleule. Leo anaweza kutoka, kesho asitoke. Ndiyo maana sampuli ni mbili. Na kadiri siku zinavyopita tangu mguu kulegea, ndivyo anavyozidi kuwa vigumu kupatikana. Inafaa zote mbili zichukuliwe kabla ya siku kumi na nne kwisha.

"Leo ni ya nane," alisema.

Sasa Jubaira aliuliza swali lake moja.

"Mkishamjua huyo kirusi, mguu utapona?"

Darwisa angeweza kuzunguka. Hakuzunguka. "Hapana, wifi. Kama ni polio, haina dawa. Mazoezi yatausaidia kidogo."

"Basi unataka nini kwetu?"

"Nataka kujua."

"Kujua kwako kunanisaidia nini mimi?" Jubaira alisema polepole, kama mtu anayefunga fundo. "Mama mkwe ananiambia ni laana. Laana naweza kuilipa. Wewe unakuja na kitu ambacho hakilipiki. Unaniambia nikupe kinyesi, ukaniletee karatasi ya kusema mwanangu ni kiwete mpaka kufa. Karatasi hiyo sina haja nayo."

Chini ya sakafu watoto wa majirani walikuwa wakiogelea na kurushiana maji. Ndani, Raiya, binti wa Jubaira mwenye miezi minane, alikuwa akitambaa kumfuata kaka yake. Alifika mkekani akaukamata mguu uliofungwa kitambaa, akauvuta.

"Huyo," Darwisa alisema. "Nataka kujua kwa ajili ya huyo. Na kwa ajili ya hao walioko chini. Kama ni polio, si Benhar peke yake aliye nayo. Imo majini, wifi. Mnakwenda haja humu, na watoto wanaogelea humuhumu. Bahari haikuichukua. Imeirudisha."

* * *

Jubaira alikubali, lakini moyo wake haukukubali.

Benhar hakuwa amepata choo siku nne. Darwisa alisema utumbo wa mtoto mgonjwa hivyo nao hukosa nguvu ya kusukuma choo. Wakampa papai na maji mengi. Kibanda cha tundu kilikatazwa. Badala yake Darwisa alileta poti ya plastiki, safi na kavu, isiyo na maji wala dawa. Bibi Saliya alimketisha mjukuu wake juu yake na kumsimulia visa vya ng'ombe wa baharini mvivu, mpaka mtoto akachoka kwa kucheka na kujikamua.

Siku ya tisa, asubuhi, alipata. Darwisa alichota kwa kijiko kidogo, akaweka ndani ya kikopo chenye mfuniko wa kuzungusha, akaandika jina, siku na saa. Akakitia ndani ya sanduku la baridi lenye mifuko minne ya barafu. Barafu haipatikani Tong Bakkaw. Huletwa na mnunuzi wa samaki kutoka kisiwa cha pili, na Darwisa alikuwa amemsihi sana.

Ilimbidi avuke kwenda zahanati kutoa taarifa. Alisema atarudi kesho. Alimwonyesha Jubaira namna ya kuchukua sampuli ya pili, akamwachia kikopo cha pili. Akamsisitizia jambo moja mara tatu. Sanduku lisifunguliwe ila kwa kutia kikopo hicho, kisha lifungwe mara moja. Kinyesi kikipata joto, bakteria watazaliana kwa maelfu, na kirusi atadhoofika na kufa. Maabara hawataona kitu.

Mchana huo haukuwa na upepo. Bati liliwaka. Mguu wa Benhar ulianza kumuuma kuliko siku zote. Alipiga kelele, akaomba mama aukate. Alisema hivyo hasa: "Mama, ukate." Jubaira alimkanda kwa maji ya kisimani, lakini maji yalikuwa ya vuguvugu. Alimpepea, alimwimbia, alimbeba kutoka ukuta huu hadi ukuta ule. Saa mbili nzima.

Sanduku lilikuwa pale kando ya mlango.

Alilitazama. Akatazama pembeni. Akalitazama tena. Kisha akalifungua, akatoa mifuko yote minne ya barafu, akaivingirisha ndani ya kanga na kuiweka juu ya paja na goti la mwanawe.

Benhar alinyamaza. Alimtazama mama yake kwa mshangao, kama mtu aliyepewa zawadi. Baada ya muda kidogo alilala. Hakuwa amelala mchana tangu ugonjwa uanze. Jubaira alikaa ameishikilia mifuko ile mpaka ikawa maji. Halafu akairudisha sandukuni, akafunga mfuniko, akaenda kupika.

Kesho yake asubuhi Benhar alipata choo tena. Jubaira alifanya kama alivyofundishwa, akakitia kikopo cha pili sandukuni. Saa nne Darwisa alifika. Alifungua sanduku, akagusa mfuko mmoja, akagusa wa pili. Ilikuwa mifuko ya maji ya vuguvugu.

"Nani alifungua?"

"Mimi," Jubaira alisema.

"Kwa nini?"

Jubaira alionyesha mguu kwa kidevu.

Darwisa alikaa sakafuni na mkoba wake begani. Hakufoka. Hilo lilikuwa baya zaidi. Alisema kwa sauti ndogo kwamba sampuli hizi hazifai kupelekwa. Zikipelekwa, maabara watasema hakuna kirusi, nayo huenda ikawa si kweli. Watu wataamini hakuna kitu, hakuna chanjo itakayoletwa, na kirusi ataendelea kutembea chini ya nyumba.

"Labda ndicho nilichotaka," Jubaira alisema. "Waseme hakuna."

Musin, aliyekuwa akisuka kamba mlangoni, alisema sasa basi. Mtoto amechezewa vya kutosha. Amefukizwa, amefungwa, amekalishwa kwenye poti kama kuku anayeatamia. Wamwache.

Ndipo Bibi Saliya alipozungumza. Hakuwa na utani safari hii.

"Nilikuwa na kaka," alisema. "Ajan. Musin, hukumjua mjomba wako. Alipata homa, akainuka na mguu mmoja. Alikuwa mkubwa kidogo kuliko huyu. Wakasema busung. Wakasema mama yetu alipika chakula cha wahenga akiwa amemnunia mama mkwe wake. Mama akaomba radhi. Akaomba mwaka mzima. Akauza vikuku vyake akachinja mbuzi. Mguu wa Ajan ulizidi kukonda. Baadaye watoto wengine wawili wa daraja letu wakawa hivyohivyo, na mama zao hawakuwa wamemnunia mtu. Lakini hakuna aliyemwendea mama yangu kumwambia. Alikufa akijua kwamba yeye ndiye aliyemvunja mwanawe."

Alivuta pumzi.

"Na mimi juzi nimemwambia mkwe wangu maneno yaleyale. Mdomo uleule."

Hakumtazama Jubaira. Alimtazama Darwisa.

"Yachukue tena," alisema. "Nataka kujua jina lake hiki kitu."

Jubaira aliinama. Machozi yalimtoka, lakini hayakuwa ya faraja. Alielewa kwamba mlango wa laana, ambao ulikuwa na ufunguo, umefungwa mbele yake na mtu yuleyule aliyeufungua. Wali wa manjano hautamrudishia kitu. Hakuna wa kuombwa radhi.

"Leo ni siku ya ngapi?" aliuliza.

"Ya kumi."

* * *

Musin alivuka mwenyewe kwenda kwa mnunuzi wa samaki. Alirudi jioni na barafu mbili, moja ya sanduku na moja ya mguu. Darwisa aliposikia alimwambia kwamba katika maisha yake ya kazi hajaona mtu mwenye akili kama hiyo. Akasema pia kwamba kosa lilikuwa lake. Aliacha barafu kwenye nyumba yenye mtoto anayelia, bila kuuliza mtoto atapozwa na nini. Aliongeza kwamba maji ya moto yasiyounguza hutuliza maumivu ya mguu kama huo zaidi kuliko barafu, akamfundisha Jubaira kuukanda kwa kitambaa kilichochovywa ndani ya maji hayo na kukamuliwa.

Siku ya kumi na moja Benhar hakupata kitu. Walimkalisha mara sita. Siku ya kumi na mbili alipata kidogo, kidole gumba kamili. Siku ya kumi na tatu akapata tena. Darwisa alikuwa amelala kwao siku zote hizo, amelifunga sanduku kwa utepe, amelikalia kama kiti. Adhuhuri aliingia kwenye boti ya kwenda mji wa Bongao, sanduku likiwa mapajani.

Halafu ikawa kungoja. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Jubaira alirudi kufunga mwani. Benhar alikaa kando yake, naye alimpa vikamba bila kuondoka mahali alipo. Kazi ilikwenda haraka kuliko zamani. Jubaira alichukia uharaka huo.

Wiki ya tano Darwisa alikuja bila mkoba. Walijua kabla hajasema.

"Ni polio," alisema. "Imeonekana kwenye sampuli ya pili. Ya kwanza haikuwa na kitu."

Jubaira aliuliza kama hakuna makosa. Darwisa alisema hakuna. Musin alitoka nje. Walimsikia akipigilia ubao ambao haukuwa umelegea. Bibi Saliya alimsogelea mkwewe na kuweka kiganja mgongoni mwake, akakiacha hapo. Alisema si yeye, si wahenga, si mchele. Jubaira aliitikia kwa kichwa. Lakini akilini mwake aliona nyumba iliyofungwa, na watu wa matone wakibisha, wakingoja, wakiondoka. Jina la ugonjwa lilimwondolea kosa moja na kumpa jingine. Hilo hakumwambia mtu.

Siku nne baadaye zilikuja boti tatu zenye masanduku ya baridi. Safari hii masanduku hayakuwa ya kinyesi bali ya chanjo. Watu wa chanjo walianza kupita juu ya madaraja, nyumba kwa nyumba, wakiwatia watoto wote matone mawili mdomoni na kuwawekea alama ya wino kidoleni. Raiya alipata. Alikunja uso, akameza.

Mkubwa wao alimwambia Darwisa kwamba nyumba kumi na tisa zimefungwa. Watazirudia msimu ujao. Jubaira alikuwa amesimama karibu. Alimweka Raiya mgongoni mwa bibi yake.

"Msiwarudie," alisema. "Wako mwambani. Mimi nawajua kila mmoja na kibanda chake. Twendeni sasa hivi."

Alimbeba Benhar ubavuni, akaingia botini. Walizunguka vibanda vya mwani siku mbili. Wengi walifurahi. Mwanamke mmoja alikataa. Alisema matone hayo yana ugonjwa, alisikia sokoni. Jubaira hakubishana. Alimketisha Benhar kwenye ngazi ya kibanda chake, akaukunjua ule mguu uliokwisha kukonda, akauinua mbele ya yule mwanamke na kuuachia.

"Mimi pia nilikuwa huku," alisema, "siku walipokuja kwangu."

Yule mwanamke alitazama muda mrefu. Kisha akawaita wanawe watatu.

Matone yalirudiwa mara tatu mwaka ule. Kwenye nchi kavu karibu na msikiti vilichimbwa vyoo vya shimo, na watoto wadogo walifundishwa kutumia poti badala ya tundu. Vinyesi vyao vilimwagwa chooni, si majini. Maji ya kunywa yalichemshwa. Sabuni ikawekwa karibu na kibao cha kukunia muhogo, na Bibi Saliya alimkaripia yeyote aliyeipita bila kuigusa. Darwisa aliendelea kukusanya sampuli za watoto wasio wagonjwa na kuzipeleka. Majibu yalikuja mara ya kwanza: hakuna. Mara ya pili: hakuna. Hakuna mtoto mwingine aliyeinuka na mguu mmoja. Hakuna aliyepiga ngoma. Jambo ambalo halikutokea halina sherehe.

Asubuhi moja Raiya alijishika ukutani, akasimama, akauachia ukuta. Alipiga hatua moja. Akapiga ya pili. Alivuka sakafu nzima akiyumba mpaka akamwangukia kaka yake kifuani. Jubaira hakujua amtazame mtoto yupi.

Benhar alimshika dada yake. Mguu wake ulikuwa ndani ya gango la mbao ambalo Musin alilichonga.

"Mama," alisema, "na mimi nitaanza lini?"

Jubaira angeweza kusema kesho. Angeweza kusema baada ya mavuno. Bibi Saliya alikuwa ameacha kukuna, anasikiliza. Jubaira alisogea akakaa mbele ya mwanawe.

"Mguu huu hautakimbia tena, mwanangu. Uliingiwa na ugonjwa unaoitwa polio. Si kosa lako. Kila siku tutaunyoosha kama alivyotufundisha shangazi, na utatembea kwa fimbo. Kukimbia, hapana."

Benhar alifikiri. Hakulia.

"Na Raiya? Utamwingia?"

"Hapana. Raiya alipata matone yote."

Benhar aliyatazama magoti ya dada yake, mafupi na manene, yakijaribu kusimama tena. Akamshika kiunoni kwa mikono miwili. Akamgeuza uso uelekee upande wa pili wa nyumba, akamnyoosha, akamwachia.

"Nenda," alimwambia.